Bahasha 40, simu moja

SWALI: Habari yako, mama? Nina miaka 22, naishi Githurai 45, na nasomea diploma ya ugavi na ununuzi. Chuo kinanitaka nifanye atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ya miezi mitatu kuanzia Mei. Nilichapisha wasifukazi, nikazitia katika bahasha 40 na kuzigawa mjini, Westlands, Upper Hill na chache Industrial Area kwa siku nne. Ni kampuni moja tu iliyoniita. Wakaniambia, "Jieleze." Nikaeleza yote yaliyo kwenye wasifukazi yangu, wakasema watanipigia. Wiki tatu sasa, kimya. Sina mtu ndani ya ofisi yoyote. Nifanye nini ili nionekane mtu wa maana?
Msomaji, Githurai

JIBU: Nzuri, mwanangu. Bahasha 40 ni nauli, ni uchapishaji, ni viatu, na najua pesa hizo hazikutoka mahali rahisi. Ndiyo maana sitaki uongeze nyingine 40.

Kabla ya kustaafu nilikuwa afisa wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na barua kama zako ndizo zilizokuwa zikiishia mezani kwangu. Yaani zile zilizofika. Safari ya bahasha ni hivi: unaikabidhi langoni, soja anaitia katika katoni iliyokuwa ya karatasi za fotokopi, na katoni inapandishwa juu siku ya Ijumaa, au ikijaa, au mtu akiikumbuka. Machi na Aprili inajaa upesi mno kwa sababu vyuo vikuu vina likizo ndefu kati ya Mei na Agosti, na kila mwanafunzi wa Nairobi na viunga vyake anatafuta miezi hiyo hiyo. Nikiifungua nakuta barua zinazofanana kama punje za mchele. "Naomba nafasi ya mafunzo ya nyanjani katika kampuni yenu tukufu." Jina la kampuni halimo. Idara haimo. Tarehe hazimo. Nilikuwa nasoma tatu au nne, kisha naenda kunywa chai.

Na hata nilipopata barua nzuri, mimi mwenye meza kubwa sikuwa na nafasi ya kumpa mtu. Nafasi ilikuwa ya mkuu wa idara. Nilikuwa nainua simu: "Mzee, kuna msichana wa ugavi hapa, nikuletee?" Mkuu wetu wa stoo, aliyekuwa akiishi katikati ya marobota, madereva wenye haraka na wasambazaji wanaodai, alikuwa na jibu moja kwa miaka yote niliyomjua: "Mama, usiniletee mtoto wa kulea."

Nilidhani ni ukali. Baadaye nikaelewa. Mwanafunzi akija kwa wiki 12, wiki tatu za kwanza ni za kuonyeshwa kila kitu. Kila swali lake linamkatiza mtu kazi. Akikosea idadi ya mali iliyopokelewa, hesabu ya mwezi mzima inapinda, na atakayeitwa kujieleza si yeye. Anayemfundisha haongezwi hata shilingi. Kwa hiyo mzee yule hakuwa akijiuliza kama mwanafunzi ana akili. Alijiuliza kama atampunguzia kazi au atamwongezea. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Wewe umekuwa ukihangaika kung'aa, na mwenyeji wako anatafuta kupona.

Anza kumponya kwenye karatasi, maana hapo ndipo rahisi zaidi. Chuo chako kina ofisi inayoshughulikia uhusiano na viwanda. Chukua kwao barua ya utambulisho yenye muhuri, inayotaja siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Uliza habari za bima ya ajali. Vyuo vingi huwakatia wanafunzi wanaoenda nyanjani, lakini mwanafunzi hukumbuka siku anayoulizwa. Kiwandani hilo ndilo swali la kwanza. Hakuna meneja anayetaka mtu asiye na bima apite karibu na foklifti. Kama chuo chako hupitisha wanafunzi NITA, ile mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani iliyoko Commercial Street, malizana nao kabla hujaanza kubisha milango, si baada ya kukubaliwa. Karatasi zote hizo, pamoja na kitambulisho, ziskani katika saiba ziwe faili moja ya PDF yenye jina lako kamili. Nimepokea faili zilizoitwa "Scan0047 mpya ya mwisho kabisa". Nikizihifadhi, kesho sizioni tena.

Anwani yako ya barua pepe iwe jina lako. Ile uliyoifungua kidato cha pili, yenye neno kama "mrembo" na mwaka wa kuzaliwa, iache iendelee kupokea mambo ya marafiki. Na kama una wimbo wa Skiza, ule anaousikia anayekupigia, utoe hadi Agosti. Nimewahi kumpigia kijana saa tatu asubuhi nikiwa nimekaa na mkurugenzi, simu ikiwa kwenye spika, na tukasikiliza wimbo ambao siwezi kuuandika hapa. Naelewa pia kwamba siku hizi hakuna mtu Nairobi anayependa kupokea namba asiyoijua. Kuna wa mikopo, kuna walaghai wa M-Pesa. Lakini anayetafuta nafasi hapokei simu kwa "Nani huyo?" Sema, "Habari ya asubuhi, unaongea na fulani." Uko ndani ya matatu ya muziki? Sema, "Naomba dakika tano nishuke nikupigie," kisha ushuke kweli. Nauli ya kupanda nyingine ni ndogo kuliko gharama ya kuitika "eeh" kwa jambo ambalo hukulisikia.

Sasa kuhusu mahali ulikopeleka. Mjini, Westlands, Upper Hill. Nadhani ulivutwa na vioo. Lakini wewe ni mtu wa ugavi. Nenda mali inakopita. Katika ghorofa ya 14 ya jengo la Upper Hill unaweza kukuta idara ya ununuzi yenye mtu mmoja na kompyuta moja, wala hana kiti cha pili. Kuna viwanda vya Enterprise Road na Lunga Lunga, kuna Baba Dogo na Ruaraka ambako ukitoka Githurai hufiki hata mjini, kuna magodauni ya Mombasa Road. Kuna hospitali, hoteli na shule za bweni, ambazo hununua chakula, dawa na sabuni kila wiki na hazikumbukwi na wanafunzi. Tena wewe unaishi kando ya Thika Road. Asubuhi foleni yote inaelekea mjini. Ukielekea upande wa Ruiru na Thika barabara ni yako. Mwanafunzi anayefika saa mbili kasorobo kila siku bila kutokwa na jasho ana sifa ambayo wa GPA ya juu hawezi kuinunua. Ukitaka ofisi za umma, fungua tovuti ya serikali ya zabuni, tenders.go.ke, usome ofisi hiyo imetangaza kununua nini. Ni habari ya wazi kwa kila Mkenya, lakini sikumbuki mwombaji aliyewahi kuniambia ameisoma.

Chagua nane. Si 40. Kwa kila moja ujue inatengeneza au inauza nini, malighafi yake ni nini, na mkuu wa ununuzi au wa stoo ni nani. Kisha andika barua nane tofauti. Barua yenyewe utaiandika kwa Kiingereza kwa kuwa ndicho wanachotumia maofisini, mimi nakupa kiunzi chake kwa lugha yetu:

"Kwa Mkuu wa Ununuzi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa diploma ya ugavi. Naomba nafasi ya mafunzo ya wiki 12, tarehe 4 Mei hadi 24 Julai. Katika stoo ya chuo nimejaza fomu za S11 na S13, na naweza kupanga orodha ya bidhaa kwa Excel na kutafuta zilizopungua. Nyinyi mnatengeneza rangi, na ningependa kujifunza jinsi mnavyopokea na kuhifadhi malighafi yenye muda wa kuharibika. Bima na barua ya chuo nimeambatisha. Naishi Githurai na naweza kuripoti saa mbili kasorobo. Nitapiga simu Jumatano asubuhi kuuliza kama mna nafasi."

Basi. Iangalie vizuri. Hakuna "mchapakazi", hakuna "mwenye ari", hakuna "naweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Maneno hayo hayamsaidii mzee wa stoo hata kidogo kwa sababu hawezi kuyahakikisha. S11 anaijua: ndiyo fomu ya kuombea na kutolea mali, kama S13 ilivyo ya kupokelea. Akiona umezitaja anajua siku ya kwanza hatakueleza karatasi ni nini. Tarehe zinamwezesha kufungua kalenda. Bima inaniondolea mimi swali. Na ile sentensi ya rangi ndiyo inayomwambia kwamba barua hii haikuandikwa kwa ajili ya kila mtu. Kama hujawahi kushika S11, usiandike umeshika. Nenda kwa mwenye stoo ya chuo kesho umwombe siku tatu za kumsaidia, kisha uandike.

Hakikisha tu umebadilisha jina. Mwaka 1991 nikiwa natafuta kazi nilinakili barua moja kwa taipureta ya jirani, usiku, kwa taa ya koroboi. Kampuni ya sabuni ikasoma jinsi nilivyotamani tangu utotoni kufanya kazi katika kampuni ya viatu.

Nije kwenye jambo linalokuuma: huna mtu ndani. Sitakudanganya kwamba mjuano haufanyi kazi katika mji huu. Unafanya. Nimeona watoto wa wakubwa wakiletwa na gari hadi mlangoni, na nikawaandikia barua za kukubaliwa kabla sijawaona. Lakini wengi wa "watu wa ndani" si wakubwa. Ni karani aliyesema, "Huyu namjua, hana shida." Kwa mzee wa stoo hiyo ni dhamana kwamba hatalea mtoto. Na dhamana ya namna hiyo unaweza kuitafuta bila kuzaliwa nayo.

Tafuta wanafunzi wa chuo chako wanaomaliza atachimenti Aprili hii. Ofisi ya chuo ina orodha, na makundi ya WhatsApp ya darasa lililokutangulia yana wenyewe. Mwanafunzi anayemaliza anaacha kiti kitupu, anaacha kazi nusu, na anaacha msimamizi anayejiuliza atampata nani wa kuingiza takwimu zile. Usimwambie "nitafutie nafasi," maana hana ya kutoa na utamfanya akukwepe. Mwulize: unasimamiwa na nani, siku yako inaendaje, kipi kilikusumbua mwanzoni. Kisha mwombe jambo dogo: wiki yake ya mwisho amwambie msimamizi kwamba yuko mtu wa kozi ile ile anayeweza kuja siku mbili kabla hajaondoka ili aonyeshwe kazi na yeye mwenyewe. Umeona ulichofanya? Zile wiki za kufundishwa umezihamisha kutoka kwa mzee wa stoo ukampa mwanafunzi anayeondoka. Katika miaka yangu yote njia hiyo ndiyo niliyoiona ikishinda hata simu za wakubwa, na sielewi kwa nini vyuo havifundishi.

Wengine walio karibu nawe ni walimu wako, wale hasa wanaotembelea wanafunzi viwandani kuwatathmini, kwa sababu wameshaona ni kampuni gani inafunza na ni ipi inatumia wanafunzi kununua maandazi. Pia dereva wa kupeleka mizigo mnayesali naye, mama wa chama anayepikia kantini ya kiwanda. Usiwadharau. Dereva anajua magodauni yote ya Nairobi na anajua ni lipi linalolemewa.

Siku ya kuitwa, mavazi. Nitapita haraka kwa sababu watu wanaliongea jambo hili kupita kiasi. Suti si lazima. Soko la mitumba la Gikomba lina blauzi na suruali au sketi safi, ipigwe pasi, ikutoshe. Viatu viwe vya kufunika vidole, visivyo na kisigino kirefu, kwani wa stoo wanaweza kukutembeza ndani papo hapo. Aprili ni mvua na Industrial Area ni matope, kwa hiyo vaa ndala hadi karibu na lango, viatu vikiwa mfukoni. Beba kitambulisho na kadi ya chuo, vyote viwili: kimoja soja anaweza kubaki nacho langoni, na ndani wakuombe kingine.

Kwenye mahojiano ndipo ulipokwama, basi tukae hapo. Waliposema "Jieleze" wasifukazi yako ilikuwa mikononi mwao. Kuisoma tena ni kama kumwambia mtu jina la kituo akiwa ameshashuka. Wanapouliza hivyo wanataka kujua watakuweka wapi kesho asubuhi. Jibu lisizidi dakika moja na nusu, na liwe na mambo matatu tu: umefika wapi kimasomo, mikono yako inaweza kufanya nini tayari, na unataka kujifunza nini hapo kwao. Kwa mfano: "Namaliza diploma ya ugavi mwaka huu. Nimesaidia stoo ya chuo, nimefanya hesabu ya mali mara mbili, na mara ya pili tulikuta tofauti ya makopo 11, tukafuatilia tukakuta hayakuandikwa siku ya kutolewa. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Kwenu ningependa kuona jinsi mnavyolinganisha LPO, lile agizo la ununuzi, na kilichoshushwa kwenye lori." Ukisema hivyo utaulizwa habari za makopo 11, na utakuwa unaongea jambo unalolijua. Bila shaka makopo yawe yako ya kweli.

Jiandae kwa swali la kazi yenyewe. Ujue tofauti ya karatasi tatu: LPO ambayo ni agizo, hati ya kupokelea mali, na ankara, na kwamba mtu wa fedha halipi mpaka zote tatu zikubaliane. Ujue kwamba tangu Januari 2024 ankara isiyo ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, inamletea mnunuzi taabu, kwa sababu KRA haimruhusu kuihesabu kama gharama ya biashara wakati wa kodi. Mwanafunzi akiwa na mazoea ya kuangalia hilo kwenye kila ankara inayoingia, mhasibu atamtafutia kiti mwenyewe. Usilolijua, sema hulijui, kisha sema ungemwuliza nani au ungeangalia wapi. Kubahatisha mbele ya watu wa stoo ni hatari. Wao hulipa kwa kubahatisha kwa wengine.

Mzee wetu wa stoo alikuwa na mtihani wake ambao hakuuandika popote. Alikuwa akimpeleka mwombaji mbele ya katoni zilizopangwa juu ya palati na kumwuliza, "Ngapi hizi?" Mbele saba, kwenda ndani nne, kwenda juu tano. Wengi walipiga hesabu kichwani upesi na kusema 140, wakitabasamu. Siku moja akaja kijana mwembamba, shati limefifia kola, Kiingereza chake cha kukwaruza. Akahesabu, akanyamaza, kisha akauliza: "Naweza kuzunguka nyuma?" Akazunguka. Katikati ya nyuma palikuwa na pengo. Zilikuwa 137. Mzee hakusema neno. Alinipigia simu jioni: "Yule wa kuzunguka nyuma aanze Jumatatu." Wiki ile nilikuwa nimemwandikia alama za chini kuliko wote kwenye fomu yangu, na fomu hiyo bado inanitia aibu nikiikumbuka.

Mwisho wa mahojiano wanauliza kama una swali. Usiseme huna. Uliza mwanafunzi wa mwisho aliyekaa pale alikuwa akifanya nini na alikwama wapi. Hilo moja latosha, na jibu lake litakusaidia hata ukikataliwa. Pesa? Atachimenti nyingi hazilipi, nyingine hutoa nauli au chakula cha mchana. Sikubaliani na wanaosema mwanafunzi asiguse habari hiyo. Nauli ikiwa shilingi 200 kwa siku, siku 60 za kazi ni shilingi 12,000, na mzazi wako anastahili kujua mapema. Uliza mwishoni, kwa sauti ya kawaida: "Je, kuna marupurupu ya nauli, nijue jinsi ya kujipanga?" Ukiacha wiki ya sita kwa kukosa nauli, utakuwa umemwachia mtu kazi nusu, na atakayekuja baada yako ataulizwa habari zako.

Kuna watakaokuomba pesa wao. "Ada ya faili", "ya sare", "ya usajili", tuma kwa namba hii nafasi zinaisha. Hakuna nafasi hapo. Hata uanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma, ule wa miezi 12 ambao utaweza kuufikiria ukishafuzu kozi inayokubaliwa, huombwa mtandaoni bila malipo. Na kuna watakaotaka mkutane jioni, mahali pasipo ofisi, "tuongee vizuri kuhusu nafasi yako". Usiende, usijieleze, na mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamtaja waziwazi mwenye mamlaka anayemsumbua aliye chini yake. Nafasi inayopatikana hivyo haijawahi kumfunza mtu ugavi.

Ile kampuni iliyokuita usiiache. "Tutakupigia" ya Nairobi mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyeamua. Waandikie leo mistari minne: umeshukuru kwa kuonana, tarehe zako ni hizi, bima na barua ziko tayari na umeziambatisha, na kama mkuu wa idara angependa uje siku moja akuone ukifanya kazi, uko tayari Jumanne au Alhamisi. Kisha piga Jumatano, saa nne hivi. Jumatatu watu wana mikutano, na Ijumaa mioyo yao imeshaondoka ofisini. Piga mara moja kwa wiki, wiki mbili. Wakinyamaza bado, funga ukurasa huo. Bado una zile nane.

Na ukipata, kumbuka wanavyosema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usingoje upewe. Siku ya tatu uliza ni kazi gani ndogo ambayo msimamizi wako huifanya kila siku na haipendi. Itakuwa kufaili, au kuingiza namba, au kupigia wasambazaji waliochelewa. Ichukue hiyo. Daftari lako la mafunzo lijaze kila jioni kabla hujapanda matatu, kwa sababu linasainiwa kila wiki, na mtu anayeletewa wiki sita kwa mkupuo asaini anajua mara moja kwamba zimetungwa usiku wa jana.

Wiki hii, basi: siku tatu stoo ya chuo, orodha ya wanaomaliza Aprili, barua nane. Ukilazimika kuacha bahasha langoni, usiondoke kabla hujamwuliza soja katoni hupandishwa juu siku gani na anayeipokea ni nani. Watu hawamwulizi chochote isipokuwa choo kiko wapi, atakujibu. Mwulize jina lake pia, umsalimie kwa jina ukirudi. Na ukitoka usisahau kitambulisho chako kwake. Nimeona wengi wakikirudia kesho yake, kwa nauli nyingine.